Tisa ya Pau

Karata nne zilikuwa zimeshalala mezani: jeki ya uru, nne ya kopa, mbili ya shupaza, saba ya pau. Ilibaki moja.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa amesukuma chipu zake zote, vile visahani vya kuhesabia dau, katikati kabla hata karata ya kwanza haijafunuliwa, akiwa na tisa mbili. Mpinzani wake akamfuata bila kufikiri mara mbili, maana alikuwa na malkia wawili. Kwa wasiocheza poka: tisa mbili zikikutana na malkia wawili, hushindwa takribani mara nne katika kila mara tano. Na pale tulipofika, karata nne zikiwa zimepita bila msaada wowote, hali ilikuwa mbaya kuliko hapo. Alihitaji tisa ya tatu. Kingine chochote kilikuwa kinamtoa mashindanoni.

Akanigeukia. "Mtumishi, fanya kazi yako."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshatupa karata zangu, sina langu pale. Nikanyoosha mkono juu ya meza kama wahubiri wa kwenye televisheni, nikafumba macho, nikaikaza sauti: "Tisa, toka! Kwa jina la Yesu!"

Mgawaji akachoma karata moja, yaani akaiweka kando bila kuifunua, kama mchezo unavyotaka, akafunua ya tano.

Tisa ya pau.

Zikapigwa kelele za kubomoa dari. Jirani alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka nyuma yake. Yule wa malkia alibaki anazitazama karata zake kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa basi limeondoka sasa hivi. Jirani akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na nilipomwangalia usoni, hakuwa anacheka tena.

"Mtumishi," akasema polepole, "kumbe Mungu wako yupo."

Nikaitika, "Amina."

Nimekaa na hiyo Amina wiki saba sasa.

## Meza ya Alhamisi

Mashindano yenyewe ni madogo. Watu tisa, meza moja, kila mtu anaanza na chipu sawa na mwenzake. Hakuna anayetoa hata senti kuingia, na hakuna anayeondoka na chochote isipokuwa haki ya kutamba hadi wiki inayofuata. Chipu zikikuishia, unatoka mezani, unageuka mtazamaji mwenye maoni mengi.

Nilijiunga kwa sababu naupenda mchezo. Nitakuwa mwongo nikisema nilitumwa na Roho. Lakini haukupita muda nikaanza kujiambia kwamba hili ni shamba la mavuno. Unakaa saa nne nzima na watu ambao mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi ya mtu. Kati ya mgao na mgao kuna kimya, na kimya cha watu wazima walioshughulisha mikono huzaa maneno. Mmoja anaitaja talaka yake huku akipanga chipu kwa rangi. Mwingine anasema mama yake hamtambui tena, kisha kwa sauti ileile anasema, "naongeza." Nimewahi kukaa kwenye vikundi vya maombi ambako ukweli wa namna hiyo haujasemwa mwaka mzima.

Wakanipa jina la Mtumishi. Nusu utani, nusu heshima, na mimi nikaipokea ile nusu niliyoitaka.

Nilikuwa na hoja yangu ya kushuhudia, ambayo pale mezani iliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Hoja ya Blaise Pascal, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Nikiisema kwa lugha ya Alhamisi: sote tumeshaketi mezani, kukataa kucheza hakupo. Ukiweka dau kwamba Mungu yupo, na kweli yupo, umebeba mzigo wote, yaani dau zote zilizoko mezani. Kama hayupo, hukupoteza cha maana. Sasa wewe unafuata au unatupa?

Watu wa poka huielewa kabla hujafika mwisho. Dau dogo, mzigo usio na mwisho; nani atatupa karata hapo? Jirani ndiye aliyeipenda kuliko wote. Akija mgeni, yeye ndiye anayemweleza, mimi nikiwa nimekaa pembeni kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepanda jukwaani.

Niliona mbegu inaota. Sikuinama kuangalia ni mbegu ya nini.

## Ile niliyoitupa

Kuna jambo ambalo pale mezani nililijua mimi peke yangu.

Karata nilizozitupa katika mgao ule zilikuwa tatu na tisa. Tisa ya kopa.

Wenzangu walikuwa wanahesabu hivi: zimeonekana karata nane, nne za wachezaji wawili na nne za mezani. Zimebaki 44 kati ya 52, ndani yake tisa ni mbili. Nafasi moja katika 22. Ni finyu, ila aliyecheza poka mwaka mmoja ameshaiona ikitokea mara nyingi mno hata akaichukia. Mimi nilijua kwamba kwa upande wangu zimebaki 42, na tisa iliyosalia ni moja tu. Nafasi moja katika 42. Na hiyo moja yenyewe huenda ilikuwa imeshatupwa na mwingine, au iko kwenye zilizochomwa.

Ikatoka.

Niseme ukweli wangu: kwa sekunde kadhaa niliamini. Si kwamba Mungu yupo, hilo niliingia nalo. Niliamini kwamba nimelitamka jina na karata imetii. Vinyweleo vilinisimama. Nilirudi nyumbani usiku ule kama mtu aliyeguswa bega na asimwone aliyemgusa.

Asubuhi hesabu zikarudi. Kwa usiku mmoja tunagawa karata kama mara mia. Jambo la moja katika 42 lina kila sababu ya kututembelea kila Alhamisi, tena zaidi ya mara moja. Huwa linapita bila salamu kwa sababu hakuna aliyelitaja kwa jina kabla halijafika. Safari hii nilikuwa nimelitaja.

Sikumwambia Jirani hesabu hizo. Nilijiambia imani yake bado changa, nisije nikaivunja. Na ile habari ya tisa ya kopa ndiyo kabisa: nikiisema, muujiza unakuwa mkubwa maradufu. Kwa hiyo ukweli mmoja ungemvunja moyo na ukweli mwingine ungemlewesha. Nikanyamaza, na kunyamaza huko nikakuita hekima.

## "Ni wewe unayemwombea?"

Wiki tatu baadaye mke wake akanipigia simu. Hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Shemeji, samahani kwa usumbufu. Nina swali moja tu. Ni wewe unayemwombea?"

"Namwombea nani, shemeji?"

"Mume wangu. Anasema kabla hajaweka hela anakutumia ujumbe, na wewe unamjibu kwamba umeshaomba."

Nikamwambia sielewi. Akanieleza bila kupandisha sauti, na natamani angeipandisha. Jirani alikuwa amehamia kwenye poka ya kwenye simu, ya pesa halisi. Alianza na kidogo, akashinda kidogo. Halafu ikaenda hela ya kodi ya nyumba. Halafu ada ya mtoto. Akiulizwa, anajibu kwamba yeye hachezi kamari kama wale wengine. Wale wanabahatisha. Yeye ana Mtumishi.

"Sikulaumu," akasema. "Nataka tu kujua unamwomba Mungu gani."

Tulipoagana nilifungua meseji za Jirani nikazisoma kuanzia juu. "Mtumishi, niombee leo saa tatu usiku." "Mtumishi, kesho kuna jambo kubwa, usinisahau." "Leo ndiyo leo." Nikazihesabu. Kumi na moja. Chini ya kila moja kulikuwa na jibu langu, lilelile: emoji ya viganja viwili vilivyoshikamana. Mara kumi na moja, na hakuna hata mara moja niliyouliza ni jambo gani hilo. Mtu atadhani nilifikiri ni usaili wa kazi, au mgonjwa. Ukweli ni kwamba sikufikiri chochote. Nilibonyeza.

Na kuna kingine, ambacho nilikaa nacho siku mbili kabla sijaweza hata kukisema kwa sauti chumbani peke yangu.

Katika hizo mara kumi na moja, sikuwa nimeomba hata moja.

## Mlango na dirisha

Najua kuna wanaosubiri nifike kwenye swali la kama poka ni dhambi. Nitapita haraka. Mwanzoni mwa karne ya 4, maaskofu waliokutana Elvira, huko Hispania, waliamua kwamba mwamini anayecheza dadu kwa pesa atengwe na ushirika, na akiacha aweze kurudishwa baada ya mwaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2413, inasema michezo ya bahati kwa yenyewe haipingani na haki. Ubaya unaingia pale inapomnyima mtu kinachohitajika kwa ajili yake na wanaomtegemea, na uchu wa kamari unaweza kumgeuza mtu mtumwa. Wengi wetu tulilelewa na jibu fupi kuliko yote mawili: karata ni za shetani, kalale.

Mimi nilikuwa na jibu langu, nililipenda, nililisema kwa ufasaha. Hakuna pesa pale. Mnaosema ni kamari, nionyesheni dau. Na hadi leo naamini ni jibu sahihi. Ila nilisimama mlangoni na rungu nikilinda pesa isiingie, na mwizi akapitia dirishani.

Lililopita dirishani ni jina. Ile amri ya kutolitaja bure jina la Bwana niliikariri utotoni nikidhani inahusu viapo na matusi. Nimeepuka kuweka senti mezani miaka yote hii, halafu nikaliweka jina la Yesu juu ya kipande cha plastiki, kwa mzaha, ili watu wanane wacheke. Saba wakasikia mzaha.

Tena pale mezani kulikuwa na injili nyingine ambayo sikuipa uzito. Kila mcheza poka anaijua habari ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, na hilo ndilo jina lake la ukoo kweli, hakujipachika. Mwaka 2003 aliingia kwa dola 86 kwenye mashindano madogo ya intaneti, akajipatia nafasi ya kwenda Las Vegas kwenye shindano kuu, akawamaliza wote, akaondoka na dola milioni 2.5. Walioingia shindano lile walikuwa 839. Jirani aliisimulia habari hiyo karibu kila wiki ya pili, na macho yalimng'aa kwa namna ambayo maneno yangu hayajawahi kuyang'arisha. Wale 838 hakuwahi kuwataja.

Ushuhuda ule na ushuhuda wangu vilikutana ndani ya kichwa cha mtu mmoja, vikaoana. Na mfungisha ndoa nilikuwa mimi, kwa Amina yangu.

## Karatasi ndani ya bitana

Nikarudi kwa Pascal, nikiwa na hasira naye kidogo, kama unavyomrudia aliyekuuzia kitu kibovu.

Mwaka 1654 alikuwa anaandikiana barua na mwenzake Pierre de Fermat juu ya swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa kabla haujaisha, dau lililoko mezani ligawanywe vipi ili kila mtu apate haki yake? Barua zile ndizo zilizoweka msingi wa hesabu za uwezekano. Yaani kila nikipiga asilimia kichwani kabla ya kumfuata mtu, nina deni kwao.

Lakini mwaka uleule, usiku wa tarehe 23 Novemba, kuanzia kama saa nne na nusu hadi kama saa sita na nusu, kilimpata kitu ambacho hakukipigia hesabu. Alikiandika. Baada ya tarehe na saa, linasimama neno moja peke yake: Moto. Kisha anaendelea: Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wataalamu. Maandishi hayo aliyashona ndani ya bitana ya nguo yake. Yalikuja kugunduliwa baada ya kifo chake, mwaka 1662, na mtumishi wake. Mtumishi wa kweli huyo, wa kukunja nguo.

Miaka karibu minane ameyabeba kifuani na hakumwambia mtu. Hoja ya dau ilibaki kwenye rundo la makaratasi ambayo hakuwahi kuyachapisha. Alichokishona kwenye nguo hakikuwa hesabu.

Mimi watu wa Alhamisi niliwapa hesabu. Ule usiku wangu sikuwapa.

Maana ninao. Si wa moto, ni wa sakafu. Kuna usiku, miaka tisa iliyopita, nililala sakafuni nimevaa viatu, nimefanya jambo ambalo halirekebishiki, nikiwa sina hakika kama nataka kukuche. Sitauandika wote hapa. Niseme tu kwamba niliamka asubuhi nikijua sikuwa peke yangu pale chini, na kwamba kuanzia siku hiyo siwezi kusema "kama yupo."

Kwa nini sikuwahi kuusimulia mezani? Kwa sababu hoja ina raha yake: mtu akiikataa, amekataa hoja, tunacheka, tunagawa karata. Akiukataa ule usiku, amenikataa mimi. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa mchezaji yule tunayemcheka sote, anayeingia mchezoni akiwa na karata za uhakika tu, na chipu zake zote zimepangwa vizuri mbele yake hazijaguswa.

Na Jirani alijifunza nilichomfundisha. Nilimwambia imani ni dau zuri. Akaweka dau.

## Mstari mmoja

Katika zile siku sikuweza kusoma Biblia kwa utulivu, lakini kulikuwa na mahali nilihitaji kufika: wale askari chini ya msalaba. Ndio wacheza bahati maarufu kuliko wote katika Injili, na nilitaka kuwaona tena, nikijua tayari kwamba mahubiri yote niliyosikia yamewatumia kama kielelezo cha ugumu wa moyo.

Luka 23:34. Nilidhani naujua mstari huo. Ndio ule wa "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Kila Ijumaa Kuu tunaishia hapo. Lakini mstari haujaisha. Nukta, halafu: "Wakagawa mavazi yake, wakipiga kura."

Ni mstari mmoja. Sala na kura zimekaa pamoja, pasipo hata nafasi ya kuvuta pumzi. Anawaombea huku wao wanacheza. Hawamwulizi kitu, hawamwombi abariki kura ya mmoja wao, na yeye hasemi lolote juu ya nani ataipata ile kanzu. Mtu mmoja aliipata, lazima. Luka hajali hata kumtaja.

Nikaenda Mathayo. Baada ya kugawana mavazi, anasema, wakaketi wakamlinda huko. Na mistari kumi na minane mbele, nchi inatetemeka, na akida "na hao waliokuwa pamoja naye wakimlinda Yesu" wanaogopa sana na kusema hakika huyu alikuwa Mwana wa Mungu. Wakimlinda. Neno ni lilelile. Miaka yote nimemsifia akida peke yake, na sikuwahi kuona kwamba walioungama pamoja naye wanaonekana kuwa ndio walewale waliokuwa wanapiga kura saa chache kabla. Hakuna aliyewahubiria. Hakuna aliyewapa hoja. Walikaa pale wakaona mtu anavyokufa.

Nililia, niseme tu. Halafu nikacheka, kwa kuwa nilikumbuka sauti yangu ya televisheni: Tisa, toka.

## Sebuleni

Nilikwenda kwake jioni ya siku ya kazi, bila kutoa taarifa, ili asiwe na muda wa kujiandaa wala mimi wa kuahirisha. Shemeji akafungua mlango, akaniangalia, akaita jina la mumewe, akaingia ndani akatuachia sebule.

Jirani alikuwa amekonda. Alianza na utani, nikamkatiza.

"Nimekuja kukuambia mambo matatu. La kwanza, siku ile ya tisa sikuomba. Nilikuwa nakuchekesha."

"Lakini ilitoka."

"Ilitoka. La pili, zile meseji zako zote, sikuomba hata moja. Nilikuwa natuma ile mikono tu."

Hapo akanyamaza. Aliinua simu yake kutoka kwenye kochi, akaitazama, akairudisha kifudifudi. Nadhani hilo lilimuuma kuliko pesa.

"Na la tatu?"

La tatu nilikuwa nimelipanga njiani kote, na nilipofika kwenye mdomo likanigomea. Lakini nilishajionea ukimya wangu unazaa nini. Nikamwambia kwamba katika mgao ule nilikuwa nimetupa tisa ya kopa.

Macho yakawaka. Nililiona hilo kama unavyoona taa ikirudi baada ya umeme kukatika. "Kwa hiyo ilikuwa imebaki moja tu? Moja?"

"Moja. Katika 42."

"Mtumishi! Na bado unasema..."

"Nasema ilikuwa karata."

"Si wewe mwenyewe ulinisomea Mithali? Kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za Bwana?"

Nilimsomea, kweli. Mithali 16:33, mezani, ili watu wajue Biblia haiogopi karata. Vitu ninavyovisema Alhamisi vina tabia ya kurudi.

"Ni za Bwana," nikamwambia. "Si zangu. Na si zako."

Hakunijibu. Tulikaa. Ndani kulisikika mtoto anasoma kwa sauti, anarudia sentensi moja ileile, kila akifika mwisho anakosea palepale.

Ndipo nikamsimulia ule usiku wa sakafuni. Sikuusimulia vizuri. Nilianza katikati, nikarudi nyuma, nikasahau sehemu ambayo siku zote nilidhani ndiyo yenye maana. Hakukuwa na hoja ndani yake wala swali la "unafuata au unatupa." Nilipomaliza alikuwa anaangalia viatu vyangu, kama vile huenda ni vilevile.

"Hukuwahi kuniambia hilo," akasema.

"Hapana."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

Baada ya muda akasema, "Basi niombee sasa. Ila kweli."

"Nikuombee nini?"

Alifungua mdomo, akafunga. Nadhani orodha ilikuwa ndefu: kodi, ada, mke, zile pesa zirudi. Mwishowe akasema, "Sijui." Nikaona hapo ndipo pazuri pa kuanzia. Nililitaja jina lake mbele za Mungu, kisha la mke wake, kisha la mtoto, na sikuomba kitu chochote kitoke mahali popote.

Programu ile aliifuta kwenye simu mbele yangu. Sijengi nyumba juu ya hilo. Kufuta ni sekunde tatu na kuirudisha ni dakika moja. Tumekubaliana nimpigie kila siku saa tatu usiku, saa ileile ya meseji zake, na siku hizi simu nyingine huwa hazina maneno mengi. "Upo?" "Nipo." "Haya." Wiki iliyopita kuna usiku hakupokea. Nilikwenda nikagonga.

## Pakiti

Paulo anasema chakula kikimkwaza ndugu yake hatakula nyama hata milele. Mimi sijafika milele. Nimefika mwezi huu. Niliona siwezi kukaa Alhamisi nikigawa karata huku nikimwambia mtu mmoja akae nyumbani, na kwa kuwa wengi wetu tunaacha vitu kwa kupotea kimyakimya, nikaenda kuwaaga.

Tena pakiti ya karata ilikuwa yangu. Nilifikiria kuichomoa ile tisa ya pau niihifadhi, nikajiona mjinga. Pakiti ya karata 51 haina faida kwa mtu, na mimi kuhifadhi masalia ndiko kulikonifikisha hapa.

Nilifika mashindano yakiwa yameanza, wanatumia pakiti nyingine. Nikaiweka yangu pembeni ya meza, nikasema nimekuja kuwaachia, sitakuwepo kwa muda. Kiti cha Jirani kilikuwa kimeshasogezwa ili nafasi isionekane. Hawakuuliza mengi. Katikati kulikuwa na mgao wa moto: mzee wetu, yule ambaye mama yake hamtambui tena, amesukuma chipu zote, na karata nne ziko mezani.

Akanitazama juu ya miwani. "Mtumishi, kabla hujatuacha. Dua moja hapa."

Watu wakacheka.

"Siombei karata, mzee wangu," nikasema.

Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kupungua upande mmoja. Mgawaji alikuwa ameshachoma karata, mkono uko juu ya ile ya tano.

"Sasa unaombea nini?"

Mgawaji hakuifunua. Wote wakawa wananisubiri mimi.